Maji ya Kumwoshea Mbonea

Kabla hajagusa chochote, Nakijwa aliweka kiganja kwenye bati tupu la kasha la kompyuta, akatulia kidogo. Mafundi wote wa mashine za kale huanza hivyo. Mwili wa mtu hubeba umeme mdogo ambao mwenyewe hausikii, na umeme huo ukiruka kutoka kidoleni unaweza kuua kadi iliyohangaikiwa miaka. Viwanda vilivyotengeneza kadi hizo vilikufa bibi yake akiwa bado msichana. Siku hizi kadi moja ikipatikana nzima husafirishwa kama mgonjwa, na hii ya leo Nakijwa alikuwa ameipakata mapajani tangu makao makuu ya Mamlaka ya Bonde hadi huku juu milimani, ndani ya mfuko wake unaong'aa.

Mjomba wake Mrindoko alisimama mlangoni akitazama, mikono nyuma. Yeye ndiye mtunza ndiva. Ndiva ni bwawa walilochimba mababu wa Upare kukusanya maji ya kijito usiku, ili asubuhi yagawiwe mashamba kwa zamu. Zamani zamu zilikaa kichwani mwa wazee, na ugomvi ulikuwa haukauki. Kisha ikaletwa kompyuta, wazee wakaifundisha kila walichokijua, wakafa. Tangu hapo ndiyo iliyofungua na kufunga milango ya maji, na Mrindoko aliifuta vumbi kila Ijumaa kwa kitambaa cha flana, upande wa nje tu. Ndani hakuwahi kufungua. Aliiogopa kwa heshima zote.

Nakijwa alipoondoa ubavu wa kasha alikuta utando wa buibui na mayai ya mjusi yaliyokauka juu ya feni. Aliyatoa moja moja kwa kibanio. Akapuliza vumbi, akasugua meno ya shaba ya tundu lililokuwa wazi kwa kifutio cha shule, kisha kwa pamba yenye spiriti. Ubao mama ule ulikuwa na matundu machache, na yote isipokuwa hilo moja yalikuwa na wenyewe.

Ndipo akaitoa kadi mpya. Ilikuwa ya kijani, ndogo kuliko kiganja chake. Hiyo ndiyo ingeifanya ndiva ya Mkomaro ionekane na Mgawaji Mkuu, mashine ya bondeni inayopanga maji ya milima yote. Kijiji kilikubali baada ya mikutano iliyowakausha watu koo. Tangu masika yaanze kuja kwa kuiba, Mji wa Chini ulikuwa unakunywa maji ya chumvi ya visima, na watoto wa huko walikuwa wanavimba miguu na nyuso. Mkomaro ilisema itatoa ziada yake. Lakini Mgawaji Mkuu hupanga kwa kuona, hapangi kwa ahadi. Mgao wa msimu ulikuwa unafungwa leo jua likizama, na ndiva isiyoonekana isingepangiwa lolote hadi msimu ujao. Wapo watoto wasingefika msimu ujao, na Nakijwa aliwafahamu baadhi yao kwa majina.

Aliikalisha kadi kwenye tundu, akaibonyeza pembe zote mbili kwa nguvu sawa hadi ikaingia kwa mlio mkavu. Akakaza skrubu. Akawasha.

Mashine ilitoa mlio mmoja mfupi, maana yake ni nzima. Mrindoko akashusha pumzi. Lakini taa ya kadi mpya, iliyopaswa kuwa ya kijani, ilibaki ya manjano, na kioo kikaganda hapo hapo kama mtu aliyesahau alichotaka kusema.

*

Nakijwa hakushtuka. Kadi ngeni kwenye mashine kuukuu ni kama bibi harusi kwenye nyumba ya wakwe, siku za mwanzo kila mmoja anamkanyaga mwenzake.

Kompyuta za zama zile zina bongo moja tu, nalo hufanya kazi moja kwa wakati. Kadi ikiwa na neno, huvuta laini yake ya wito, kama mtoto anavyovuta khanga ya mama yake anayepika. Bongo huacha linachofanya, husikiliza, humaliza neno la kadi, na kadi huachia. Laini ni chache. Kadi mbili zikivuta laini moja kwa pamoja bila utaratibu, bongo hupigwa na butwaa na mashine huganda. Fundi hupanga nani ashike laini ipi kwa vijiti vidogo vya kuunganishia vinavyoitwa jampa.

Alisoma maandishi meupe pembeni mwa kadi. Iliweza kukaa kwenye laini mbili tu. Moja ilikuwa ya mota za milango ya maji, na hiyo haiguswi. Ya pili ilikuwa ya kadi ya kilio, ile inayopokea wito wa dharura kutoka majumbani.

Hapo akatabasamu kidogo, kwa kuwa kadi za namna ile ziliumbwa kuishi pamoja. Mmoja anaita, anasikilizwa, anaachia, mwenzake anaita. Alihamisha jampa, akawasha tena. Manjano. Akazima, akachomoa kadi, akasafisha upya, akairudisha, akawasha. Manjano tena. Safari hii alikwenda kwenye ukurasa wa matengenezo, mahali ambapo mashine hueleza laini zake zote, akasoma taratibu huku kidole kikifuata mistari.

Laini ya kadi ya kilio ilikuwa imeshikwa. Haijaharibika, imeshikwa. Kuna mtu aliita, bongo likasikia, na aliyeita hakuachia. Chini yake mashine ilikuwa imeandika nyumba iliyoita, na jina la mwenye kiganja.

Jina lilikuwa Naetwe.

Nakijwa aliketi kwenye kreti la betri. Naetwe alikuwa mama yake mzazi.

"Mjomba," alisema bila kugeuka, "mama tulimzika mwaka wa sita huu."

"Najua. Nilishika jeneza."

"Basi nani analia?"

Mrindoko alitazama sakafu. "Yule yule," akasema.

*

Kila nyumba ya Mkomaro ina mkono wa shaba ukutani kando ya mlango. Ukiushusha, kiganja chako kikiwa kinajulikana na mashine, ndiva inasikia kilio. Zamu ya mtu yeyote inakatwa na maji yanageuzwa kuja kwako. Hushushwa kwa moto, kwa mzazi aliyeshikwa na uchungu, na kwa maiti ya kuosha. Na wazee walipoifundisha mashine mila hiyo walitia na sheria yake kuu, kwamba kilio hakizimwi na mwingine. Anayeupandisha mkono ule ni aliyeushusha, au damu ya nyumba hiyo hiyo.

Nakijwa aliyajua hayo yote tangu utotoni. Alijua pia kwamba kaka yake alichukuliwa na mafuriko. Asilolijua ni yaliyofuata, ambayo mjomba wake alimsimulia sasa, akiwa amesimama vile vile, kama mtu anayetoa ushahidi.

Mbonea, kaka yake Nakijwa, alikuwa dereva wa lori la maji. Alishusha maji ya milima Mji wa Chini kabla barabara haijafa. Miaka tisa iliyopita mvua ya ghafla ilinyesha mbali, korongo likashusha mafuriko chini ya jua kali, na lori likachukuliwa pamoja naye. Baada ya siku kadhaa redio ilisema mwili umepatikana na unapandishwa. Naetwe akashusha mkono wa shaba ili maji ya kumwoshea mwanawe yawe tayari. Mwili ulipofika, sanduku likafunguliwa, alikuwa mtoto wa watu wengine.

Watu walimwambia Naetwe apandishe mkono. Alikataa, akasema wamemwambia mwanawe anakuja. Baadaye wakamshauri wazike mgomba badala ya mwili, kama inavyofanywa aliyepotea asipopatikana. Mrindoko mwenyewe ndiye aliyetumwa kumweleza. Naetwe alimsikiliza hadi mwisho, kisha akasema, "Mimi sikuzaa mgomba." Hakuna aliyerudi tena kumshauri.

Akaishi na mkono umeshuka, akafa umeshuka. Kwa miaka tisa mashine ilimega kidogo kwenye zamu ya kila nyumba na kupeleka kijito chembamba nyumbani kwa Naetwe, kumwoshea mtu asiyefika. Na kijiji kizima, chenye watu wanaoweza kutiana ngumi kwa ndoo moja, hakikunung'unika. Angalau si kwa sauti.

Nakijwa alikumbuka alivyokuja kumzika mama yake. Alilala kwa mjomba, aliona maji yanatiririka mferejini kwao, akadhani ni zamu.

"Mbona hamkuniambia?"

"Mfiwa haambiwi nyamaza, mwanangu. Hilo hata mjinga analijua."

"Sikujua kama kuna kitu cha kunyamazia."

"Ndiyo," alisema Mrindoko. "Kila mwaka nilisema atakuja mwenyewe. Nimeiweka ile hali kama yai. Leo naona tulikosea, lakini hatukukosea kwa ubaya."

Kuna neno jingine alilibakiza, akalisema mwishowe akiwa ameshaanza kutoka nje. Nyumba ile haikuwa tupu. Mwanamke mmoja kutoka Mji wa Chini, jina lake Semeni, alipanda mlimani mwaka juzi na baba mkwe wake mgonjwa na watoto. Hawakuwa na zamu, kwa kuwa mashine ilijaa nyumba zamani na haina nafasi ya nyumba mpya. Wakakaa pale kwa sababu palikuwa na maji, na hakuna aliyekuwa na kifua cha kumfukuza mtu kwenye maji ya kilio.

*

Akiwa peke yake, Nakijwa alimpigia bosi wake redio. Bosi hakuwa mtu mbaya. Alikuwa amezika mtoto wa dada yake Mji wa Chini mwezi huo huo, na sauti yake ilikuwa na uchovu wa watu waliohesabu makaburi. Alimwambia achomoe kadi ya kilio aiweke pembeni. Mwongozo unaruhusu. Kadi isiyo ya lazima huipisha ya lazima.

Nakijwa aliitazama. Ilikuwa ya rangi ya kahawia, kongwe kuliko zote, imelehemiwa kwa mkono wa mtu aliyejua anachofanya. Akiichomoa haitarudi. Jampa zake zilikuwa zimechakaa, na mashine ya umri ule ikishazoea kukosa kitu hukisahau. Mzazi mwingine wa Mkomaro akishusha mkono wa shaba, hakuna atakayesikia.

Ilikuwapo njia nyingine ya kifundi, ya kimya zaidi. Kwenye kona ya kadi kulikuwa na vijiti viwili vimekaribiana. Akivigusisha kwa ncha ya bisibisi, kadi ingesahau kilio kilichoishika, na laini ingekuwa huru. Hakuna mtu ambaye angejua. Kule nyumbani mkono wa shaba ungebaki umeshuka, maji yangekauka mferejini, na watu wangesema ni kiangazi.

Alishika bisibisi akaipeleka pale. Akilini alimwona mama yake amekaa kizingitini akisikiliza barabara. Alimchukia kidogo kwa ukaidi ule, akamlilia papo hapo. Kunyamazisha kilio cha mama yako kwa bisibisi, kutokea kwa nyuma, kama mwizi anavyokata kengele ya mlango! Akairudisha bisibisi kwenye mkoba, akaenda kwao.

*

Nyumba ilikuwa na paa nusu, nusu nyingine imeezekwa kwa turubai. Magimbi yalikuwa yameota kandokando ya mfereji, mapana na meusi kwa kushiba, na maharage yalipanda kwenye vijiti. Mzee mmoja alilala kwenye mkeka chini ya ukuta, macho wazi, akipumua kwa hesabu. Semeni alikuwa anapalilia. Alipomwona mgeni alijifuta mikono, akamtazama usoni kwa muda, akasema karibu.

Kisha akasema, "Umefanana na picha iliyobaki ndani. Umekuja kufunga."

Nakijwa alimweleza yote bila kupamba: kadi, laini, jua likizama, Mji wa Chini. Alimwambia kwamba mkono ule ukipanda, mfereji huu unakauka, kwa kuwa nyumba isiyo na kiganja hai cha anayeishi humo haipewi zamu, na yeye aliishi bondeni. Alipomaliza alijikuta anamwuliza Semeni yeye anaonaje.

"Usiniulize, dada," alisema Semeni. "Ukiniuliza utakuwa umenionea. Mdogo wangu yuko huko chini na wanawe. Mkwe wangu ndiye huyu. Nitachagua nani?"

Nakijwa aliomba radhi. Alikuwa kweli ametaka mzigo ule uende kwa mwingine, na mwenzake ameuona mara moja. Alisogea kwenye mkono wa shaba. Ulikuwa umeshuka, umeota kijani ya kutu, isipokuwa mahali mama yake alipozoea kuushika.

"Ngoja," alisema Semeni nyuma yake. "Kabla hujagusa. Nina neno, na nikilisema utaniona mnyama."

Akalisema ameinamisha kichwa. Walipopanda kutoka Mji wa Chini walifuata mfereji mkavu wa zamani unaopita kwenye korongo. Huko waliona ubavu wa lori umetokeza mchangani. Walilala nyuma yake usiku mmoja kukinga upepo. Ubavuni kulikuwa na jina kwa rangi nyekundu, kama madereva wanavyoandika, na jina lilikuwa Naetwe. Hakujua maana yake. Alipofika Mkomaro, akapewa kivuli katika nyumba hii na kusimuliwa habari zake, akajua.

"Na hukusema."

"Ningesema mngekwenda mkachimba. Mngemwosha, mngemzika. Maji yangefungwa." Machozi yalimtoka lakini sauti ilibaki tulivu. "Kila nilipochota nilimwomba radhi kwa jina lake. Mbonea, nisamehe, watoto wana kiu. Mwaka wa pili huu namwomba. Kama nitayakosa haya maji, nisiyakose pamoja na huo uongo."

Hasira ilimpanda Nakijwa ikamfika machoni. Miaka yote ile kaka yake alikuwa chini ya mchanga, mahali panapojulikana, na aliyejua alikuwa anapalilia magimbi juu ya maji yake. Alitaka kumpiga. Alimtazama mzee kwenye mkeka, ambaye alikuwa amegeuza uso ukutani kwa kuwa alisikia kila kitu, na akatazama nguo za watoto zilizoanikwa, safi. Hakujua mama yake angesema nini. Labda angempiga. Labda angemuuliza kama watoto wamekula.

Alikaa chini, akalia kwa sauti, kilio ambacho hakukilia makaburini siku ile ya mama. Semeni hakumgusa wala hakumwambia nyamaza. Alisimama kando yake hadi kilipokwisha.

"Mfereji huo mkavu," alisema Nakijwa baadaye akijifuta uso, "ndio uliokuwa unapeleka maji Mji wa Chini?"

"Ndio. Unapita pale pale kwenye lori."

Nakijwa alisimama. Akaweka kiganja kwenye shaba, mahali palipong'arishwa na mama yake, na shaba ikapata joto kidogo kama inavyofanya ikimtambua mtu wa nyumba. Akaupandisha. Ulipanda kwa shida, ukalia. Mferejini maji yalipungua, yakawa uzi, kisha matone, na magimbi yakabaki yamesimama kwenye tope.

"Twende kwenye mashine," alimwambia Semeni. "Nawe uje."

*

Mashine ilikuwa na nafasi tatu za viganja kwa kila nyumba. Za nyumba ya Naetwe zilikuwa zimejaa: Naetwe, Mbonea, Nakijwa. Na wazee waliifundisha pia kwamba kiganja cha marehemu hakifutwi, kwa hiyo hata ungeibembeleza vipi, majina mawili ya kwanza yasingetoka. La tatu lingeweza, kwa amri ya mwenyewe.

Mrindoko aliona anachotaka kufanya, akasogea. "Nakijwa, ukijifuta hurudi. Utakapostaafu hutakuwa na zamu hapa. Moto ukikuwakia hapa hatutakusikia."

"Nimekuelewa, mjomba."

"Na huyu alitufichia maiti."

"Alitufichia." Alimgeukia Semeni, na hakuna aliyedhani anatania. "Sijakusamehe. Sijui kama nitakusamehe. Lakini kiu haingoji msamaha. Weka mkono hapa."

Alitoa amri, mashine ikamwuliza kama ana hakika, akajibu ndiyo. Jina lake likatoka. Kwa kitambo kifupi nyumba ile ilikuwa na wafu watupu. Kisha Semeni akaweka kiganja chake kilichojaa udongo wa shambani kwenye kioo kidogo, na nafasi ya tatu ikapata mtu. Ingekuwa zamu ndogo, kama ya nyumba yoyote, siku yake ikifika. Magimbi mengine yangekufa, lakini mzee angepata maji ya kunywa.

Baada ya hapo iliyobaki ilikuwa kazi ya ufundi tu. Alizima. Akaweka kiganja kwenye bati tupu. Akakagua jampa ya kadi mpya, akaibonyeza tena pembe zote mbili, akahakikisha kadi ya kilio iko imara kwenye tundu lake la zamani. Akawasha. Mlio mmoja mfupi. Laini ile kongwe, ambayo haikupumzika kwa miaka tisa, ilisomeka huru. Kadi mpya ikavuta, ikasikilizwa, ikaachia, na taa yake ikageuka kijani. Nje, jua lilikuwa bado halijagusa mlima.

Walitoka wote. Watu walikuwa wameanza kukusanyika ukingoni mwa ndiva, kama kawaida ya jioni, na safari hii habari ilikuwa imewatangulia. Mlango wa upande wa bondeni, uliokuwa umefungwa tangu barabara ife, ulitetemeka, ukakwama, ukatetemeka tena, ukapanda. Maji yaliingia kwenye mfereji mkavu yakisukuma majani makavu na povu la vumbi mbele yake, yakashika njia ya korongo. Yangetembea usiku kucha kabla ya kufika Mji wa Chini.

Ikabaki jambo moja. Mashine hufunga kilio kwa kiganja, lakini watu hukifunga kwa jibu. Mtunza ndiva huuliza mbele ya majirani, na nyumba hujibu, tumemwosha, tumeridhika. Mrindoko alikuwa amelibeba swali hilo miaka tisa bila wa kumwuliza. Alivua kofia.

"Nyumba ya Naetwe," alisema, "mmeshamwosha?"

Nakijwa alisogea hadi ukingoni mwa maji. Semeni alisimama hatua moja nyuma yake, miguu na tope. Wote wawili walikuwa wanatazama maji yanavyopotea kwenye kona ya mlima.

"Bado, mjomba," alisema Nakijwa. "Maji yametangulia. Alfajiri tunayafuata, na huyu anatuonyesha njia."

Jibu kama hilo halikuwamo katika mila aliyoachiwa Mrindoko na wazee. Alirudisha kofia kichwani, akawaambia vijana watafute majembe na sanda. Kisha akaenda kufunga mlango wa chumba cha mashine, maana umande ulikuwa umeanza kushuka na aliambiwa kadi mpya haipendi unyevu.